Kifungo cha maisha: sheria ya Congo inasema nini, na nani anaweza kutoka

Katika Musonoi, sawa katika mitaa mingine ya Kolwezi, jina « perpeti » linajulikana kuliko sheria yenyewe. Wakati tribinali inasoma hukumu kwa Kifaransa, jamaa yenye imeketi nyuma inangojea neno moja tu. Kama muamuzi anatamka « servitude pénale à perpétuité », mama wa mushitakiwa analia, watu wa upande wa marehemu wanashukuru Mungu, na wote wanarudi nyumbani wakijua mambo imeisha. Kumbe kwa sheria haijaisha. Na hapo ndipo fujo inaanza, juu kisha miaka sita ao saba watu wanamuona yule mutu kwenye barabara na wanauliza: nani alimufungulia? Alilipa nani?

Swali lile linarudi kila mara katika inchi yetu, na linarudi kwa nguvu zaidi tangu mwaka wa 2020, wakati Prezida Félix Tshisekedi alitia mukono kwenye amri kubwa za neema. Je, mutu mwenye amehukumiwa maisha ao miaka 20 anapashwa kufia ndani? Ao kuna siku dosie yake inapashwa kufunguliwa tena, wamuangalie, waone kama amebadilika?

Hesabu ya miaka mitano

Tuanze na kile sheria inasema, juu watu wengi hawajakisikia hata siku moja.

Code pénal ya Congo ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, ya wakati wa Wabelgiji. Imerekebishwa mara mingi lakini ingali inatumika. Kifungu chake cha 35 kinasema: mufungwa mwenye amemaliza robo ya azabu yake anaweza kuachiliwa na masharti, ikiwa amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Kwa mwenye kuhukumiwa maisha, robo haihesabiki, juu hakuna anayejua maisha ya mutu ni miaka ngapi. Kwa hiyo sheria iliweka hesabu yake: zaidi ya miaka 5 ndani.

Angalia vizuri. Mwenye kuhukumiwa miaka 20, robo yake ni miaka 5. Mwenye kuhukumiwa maisha, ni miaka 5 na kidogo. Mbele ya mulango wa kuomba kutoka, wote wawili wanasimama karibu siku moja. Wale wenye waliandika sheria hii walikuwa wanafuata njia ya kwao Ubelgiji, kwenye sheria ya kuachiliwa na masharti ilipitishwa tangu mwaka wa 1888. Hawakuwa na huruma nyingi kwa Mwafrika, kila mutu anajua, lakini waliona kama gereza yenye haina mulango wa kutokea inaleta fujo ndani.

« Anaweza kuachiliwa » haimaanishe « ataachiliwa ». Mwenye kuamua ni Waziri wa Haki, kule Kinshasa, kisha kusikia maoni ya parke na ya wakubwa wa gereza. Na mutu akitoka, haiko huru kabisa. Anapewa karatasi yenye masharti. Akivunja masharti, ao akianza tena tabia mubaya, wanamurudisha ndani amalize azabu yake.

Kuna kitu kingine chenye kinafaa kujulikana: siku zenye mutu alikaa ndani mbele ya hukumu zinahesabiwa. Kama alikaa miaka miwili katika gereza ya Dilala akingojea kuhukumiwa, miaka ile miwili haipotee. Kwa wafungwa wa kwetu ni jambo kubwa, juu katika gereza za Congo sehemu kubwa ya watu ni wenye hawajahukumiwa bado.

Basi juu ya nini hatuone watu wengi wakitoka kwa njia hii? Kwanza, dosie. Ili Waziri aamue, inapashwa karatasi itoke hapa, ipite kwa parke, ifike Kinshasa, zaidi ya kilometa 1000, kisha irudi. Wafungwa wa azabu kubwa wa Lualaba hawabaki siku zote Kolwezi. Wengine wanapelekwa Kasapa kule Lubumbashi, wengine Buluwo kule Likasi, na kila wakati mutu anahamishwa, karatasi zake zinaweza kubaki nyuma. Mufungwa mwenye hana nakala ya hukumu yake ni sawa mutu mwenye hana kitambulisho: hakuna mwenye kumuamini kama ameisha kufikisha siku. Pili, wenye kuhukumiwa wenyewe hawajui. Wanangojea neema ya Prezida, sawa mutu mwenye anangojea mvua katika mwezi wa sita.

Neema ya Prezida, na watu wawili wa kwetu

Neema ni kitu kingine. Kifungu cha 87 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinamupatia Prezida haki ya kufuta azabu, kuigeuza ao kuipunguza. Haombi ruhusa kwa muamuzi. Lakini neema haifute kosa: mutu anabaki mwenye alihukumiwa. Kufuta kosa lenyewe ni kazi ya amnistia, na amnistia inapita kwa bunge, sawa sheria ya tarehe 11 Februari 2014 yenye ilihusu mambo ya uasi, vita na makosa ya siasa.

Historia ya Katanga inaonyesha vile neema inaweza kupandisha na kushusha mutu. Jean Nguza Karl-i-Bond, mwenye alizaliwa Musumba, mu jimbo yenye leo tunaita Lualaba, alikuwa waziri wa mambo ya inje wa Zaire. Kisha vita ya kwanza ya Shaba, mwaka wa 1977, walimushitaki kuwa alijua mipango ya waasi na akanyamaza. Mwezi wa Septemba mwaka ule wakamuhukumia kifo. Mobutu akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Mwaka mmoja haukuisha, Nguza akatoka. Mwaka wa 1979 alikuwa tena waziri wa mambo ya inje, na 1980 akawa mukubwa wa serikali. « Maisha » yake ndani ilikuwa chini ya miezi kumi na mbili.

Ya pili inakumbukwa na vijana pia. Tarehe 16 Januari 2001 Prezida Laurent-Désiré Kabila aliuawa. Kolonele Eddy Kapend, mwenye asili ya Katanga na mwenye alikuwa aide-de-camp wake, alifungwa wiki chache kisha pale. Mwezi wa Januari 2003, ile tribinali ya kijeshi yenye iliitwa Cour d'ordre militaire iliwahukumia kifo watu karibu 30, yeye ndani. Tribinali ile haikukuwa na apeli. Waliohukumiwa walisema tangu siku ya kwanza hadi mwisho kuwa hawakuua, na Komisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema baadaye kama haki yao ya kuhukumiwa vizuri ilivunjwa. Hawakuuawa, lakini hawakuachiliwa. Wengine walifia Makala. Tarehe 30 Juni 2020, siku ya uhuru, Prezida alitia mukono amri yenye iligeuza azabu za kifo kuwa maisha, na maisha kuwa miaka 20. Kisha amri ingine ya mwisho wa mwaka, Kapend na wenzake wakatoka Makala tarehe 8 Januari 2021, karibu miaka 20 kisha kuingia. Mwezi wa Oktoba 2022 akawekwa jenerali na kupewa komandema ya 22e région militaire, yenye makao yake ni Lubumbashi.

Wawili hawa, hukumu moja: kifo. Mumoja alikaa chini ya mwaka, mwingine karibu miaka ishirini. Sheria ilikuwa na vifungu vilevile kwa wote wawili. Kile kilibadilika ni moyo wa Prezida na siasa ya siku ile. Mukreseri mwenye alihukumiwa kwa kuua mwenzake kwenye shimo hana mutu wa kutaja jina lake Kinshasa, na hiyo ndiyo shida kubwa ya neema kama ndiyo njia pekee yenye inatembea.

Amri za neema za makundi makubwa zinakuwa pia na orodha ya makosa yenye hazigusi, sawa ubakaji na wizi wa mali ya serikali. Jamaa nyingi zinasikia kwenye radio « Prezida amesamehe wafungwa » na zinaanza kutayarisha karamu, kumbe mutoto wao yuko kwenye ile orodha.

Kifo chenye kinageuka maisha

Huwezi kuongea juu ya kifungo cha maisha Congo bila kuongea juu ya azabu ya kifo, juu wafungwa wengi wa maisha ni watu wenye walihukumiwa kifo na hawakuuawa. Kwa Code pénal, kuua kwa kusudi ni kifungo cha maisha, lakini kuua kwa kupanga mbele ni kifo. Wizi wa kutumia silaha, ile yenye inatisha Kolwezi usiku, ni kifo pia. Kifungu cha 18 kinamuachilia muamuzi ageuze kifo kuwa maisha ao miaka yenye yeye mwenyewe atahesabu, kama anaona kuna sababu za kupunguza.

Tangu Januari 2003 hakuna mutu aliuawa kwa hukumu, na kwa miaka zaidi ya 20 kila mutu alijua « kifo » inamaanisha kukaa ndani bila tarehe. Tarehe 13 Machi 2024, Waziri wa Haki Rose Mutombo alitoa barua yenye iliondoa ule muda wa kusimamisha. Serikali ilisema ni juu ya wasaliti katika jeshi na juu ya ujambazi wa mijini. Kisha pale hukumu za kifo zikaongezeka. Tarehe 13 Septemba 2024, watu 37 walihukumiwa kifo Kinshasa juu ya jaribio la kupindua serikali la tarehe 19 Mei. Kati yao Wamarekani watatu. Mwanzo wa Aprili 2025 Prezida akageuza azabu ya wale watatu kuwa kifungo cha maisha, na siku chache baadaye wakapanda ndege kurudi Marekani wafungwe kule. Wenzao Wakongomani walibaki. Tarehe 30 Septemba 2025 ilikuwa zamu ya Joseph Kabila, Prezida wa zamani, mwenye alihukumiwa kifo na tribinali kubwa ya kijeshi akiwa hayupo.

Si kila mara waamuzi wanafuata parke kwa kifo. Katika kesi ya balozi wa Italia Luca Attanasio, mwenye aliuawa karibu na Goma tarehe 22 Februari 2021, parke ya kijeshi iliomba kifo, lakini mwezi wa Aprili 2023 tribinali ikatoa kifungo cha maisha.

Hatari iko wapi zaidi kwa watu wa kawaida? Iko kwenye haraka. Sheria ya tarehe 24 Februari 1978 juu ya makosa ya kukamatwa papo hapo inaruhusu mutu ahukumiwe kwa siku chache, mara ingine kwenye uwanja wazi, watu wakipiga makelele. Muji unafurahi kuona haki inatembea mbio. Lakini mushitakiwa mwenye avoka wake amepewa dosie asubuhi ileile anaweza kutoka pale na azabu ya maisha. Kama kuna kosa katika hukumu ya miezi 6, mutu atapoteza miezi 6. Kama kuna kosa katika hukumu ya maisha na hakuna mutu wa kuangalia tena, kosa linakaa na yeye mpaka kaburini.

Upande wa wenye waliumia

Sasa geuza uso, angalia upande ingine. Katika kijiji cha Kavumu, Kivu ya Kusini, tangu 2013 mpaka 2016 watoto wanawake walikuwa wanachukuliwa usiku katika nyumba za wazazi wao, wanabakwa na kurudishwa wakiwa na vidonda. Wengine walikuwa bado wananyonya. Tarehe 13 Desemba 2017, tribinali ya kijeshi, ikiketi palepale Kavumu, iliwahukumia kifungo cha maisha wanaume 11, kati yao député wa jimbo Frederic Batumike, kwa crime dhidi ya binadamu. Apeli ya 2018 ilihakikisha hukumu ile.

Tufanye hesabu. Kama ile miaka 5 ya kifungu cha 35 ingetumiwa bila kuangalia kosa, mutoto mwenye alikuwa na miaka 6 siku ya hukumu angekuwa na 11 tu siku yule mutu anaanza kuomba kutoka. Hajaingia hata sekondari. Hakuna muzazi wa Kavumu, wala wa Musonoi, anaweza kukubali hesabu hiyo, na ni haki yake kukataa. Mwezi wa Novemba 2020, kule Goma, Ntabo Ntaberi Sheka, mukubwa wa kundi la silaha, alipata maisha pia juu ya makosa yenye ndani yake kuna ubakaji wa mamia ya watu katika vijiji vya Walikale mwaka wa 2010. Kwa watu wale, neno « maisha » ndilo kitu kimoja tu serikali iliwapatia, juu fidia zenye tribinali inaandika kwenye karatasi mara mingi hazifiki mukononi.

Na hapa sheria ya 1940 ina shimo lenye linaonekana. Inasema Waziri asikie parke na wakubwa wa gereza. Haisemi asikie mwenye aliumizwa. Haisemi hata aambiwe. Mwanamuke mwenye alitoa ushuhuda anaweza kukutana na yule mutu sokoni bila mutu yeyote kumuonya. Watu wenye wanataka vifungo virefu vifikiriwe upya wangefanya vizuri kuanza kwa kuziba shimo lile. Bila hiyo, kila mufungwa mwenye anaachiliwa anaonekana kuwa alinunua mulango, na siku ingine kijana akikamatwa mutaani, watu hawamupeleki kwa polisi. Wanaleta pneu na esanse.

Mulango wa sheria na tundu la ukuta

Watu wanasema: basi wabaki ndani mpaka mwisho, raiya walale. Lakini gereza za kwetu hazina nguvu ya kushika hata wenye zinashika leo. Gédéon Kyungu Mutanga, mwenye watu wa Mitwaba na Pweto hawamusahau, alihukumiwa kifo mwezi wa Machi 2009. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia Kasapa mchana, akatoka pamoja na wafungwa karibu elfu moja. Mwaka wa 2016 akajisalimisha, akawekwa katika nyumba Lubumbashi chini ya ulinzi, na mwezi wa Machi 2020 akaponyoka tena. Hakuna muamuzi wala Waziri alimuangalia kama amebadilika.

Mwezi wa Septemba 2020 wafungwa walishika gereza ya Kasapa kwa siku tatu, wakachoma majengo, na wanawake wenye walikuwa wamefungwa pale wakabakwa. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Septemba 2024, katika Makala, gereza yenye ilijengwa kwa watu 1500 na yenye ilikuwa imejaa mara nyingi zaidi ya hapo, watu 129 walikufa katika jaribio la kutoroka, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa. Tarehe 27 Januari 2025, wakati M23 ilikuwa inaingia Goma, wafungwa wa Munzenze walitoka wote, na wanawake zaidi ya mia moja walikufa ndani ya moto. Kati ya wenye walitoka siku ile walikuwa na wenye vifungo virefu, na washahidi wao walikuwa mu muji uleule.

Chakula nacho. Mufungwa wa miaka mingi anaishi kwa kile jamaa inamuletea. Miaka ya kwanza bibi anakuja kila juma na bukari. Mwaka wa tatu anakuja mara moja kwa mwezi, juu transpore ya Kolwezi mpaka Likasi ni feza. Kisha haji tena. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kila mufungwa ahifaziwe maisha yake, afya yake na heshima yake. Katika gereza yenye haina dawa, miaka 20 inaweza kuwa hukumu ya kifo bila kuitwa hivyo.

Juu ya « travaux forcés », azabu ya kazi za kulazimishwa yenye tulisikia sana wakati Vital Kamerhe alipewa miaka 20 mwezi wa Juni 2020 (apeli ikapunguza kuwa 13, na 2022 akaachiliwa kabisa bila kosa), neno moja tu: Katiba, kifungu cha 16, inakataza kulazimisha mutu kazi. Azabu ile ingali mu vitabu, na waamuzi wanaendelea kuitoa.

Majirani wanafanya namna gani

Uganda ilipita kwenye barabara hii. Kwa miaka mingi, kule, kifungo cha maisha kilihesabiwa sawa miaka 20 juu ya sheria ya gereza. Mwaka wa 2011 tribinali kubwa ikakata: maisha ni maisha, mpaka mutu afe. Mbele ya hiyo, mwaka wa 2009, tribinali ileile ilikuwa imesema mwenye kuhukumiwa kifo na hajauawa ndani ya miaka mitatu, azabu yake inageuka maisha. Wenye waliokolewa na hukumu ya kwanza wakakuta ya pili imewafungia mulango.

Kenya, mwezi wa Julai 2023, tribinali ya apeli ya Malindi ilisema kifungo cha maisha bila tarehe hakipatane na Katiba, juu kinamuondolea mutu tumaini lote, ikaweka miaka 40 badala yake. Wafungwa wengine wakaanza kuomba vilevile. Lakini mwezi wa Aprili 2025 Supreme Court ya Nairobi ikafuta hukumu ile na kusema kazi ya kuhesabu maisha ni miaka ngapi ni ya bunge.

Kuna njia ya tatu yenye Wakongomani wanaijua bila kujua kama wanaijua. Tribinali ya La Haye, CPI, ina kifungu cha 110 katika sheria yake: mwenye kuhukumiwa maisha, dosie yake inaangaliwa tena na waamuzi kisha miaka 25, mwenye miaka ya kuhesabika, kisha sehemu mbili kwa tatu. Wanaangalia kama alisaidia haki, kama anajuta, kama kurudi kwake kutaleta fujo kwa wenye waliumia. Germain Katanga wa Ituri, mwenye alipewa miaka 12, alipunguziwa miaka 3 na miezi 8 kwa njia hiyo mwezi wa Novemba 2015. Bosco Ntaganda, mwenye ana miaka 30, anajua siku yenye dosie yake itafunguliwa.

Tofauti na kwetu inaonekana. Kule, siku inajulikana mbele na wenye kuamua ni waamuzi. Hapa, miaka 5 ni kidogo sana kwa makosa makubwa, na kisha ile miaka 5 hakuna siku yoyote yenye serikali inalazimishwa kuangalia. Mufungwa anaweza kukaa miaka 25 na hakuna mutu alifungua dosie yake. Congo ilitia sahihi pia Mapatano ya Haki za Mutoto, yenye kifungu chake cha 37 kinakataza kumupatia mwenye hajafikisha miaka 18 kifo ao maisha bila tumaini la kutoka. Jamaa yenye mutoto wake alihukumiwa sawa mukubwa inapashwa kutafuta karatasi ya kuzaliwa mbele ya kitu kingine.

Kwa jamaa yenye iko na mufungwa

Kama hukumu imetoka leo, muda wa apeli kwa tribinali za kiraia ni siku 10. Kwa tribinali za kijeshi ni mufupi zaidi, kwa hiyo usingojee hata kesho yake. Omba nakala ya hukumu kwa grefe ya tribinali wakati avoka angali karibu na dosie ingali mezani; kisha miaka kumi kuipata ni vita. Andika pembeni tarehe yenye mutu alikamatwa, tarehe yenye aliingia gereza, na kila gereza yenye alihamishwa. Mwenye hana feza ya avoka anaweza kuuliza kwa barreau kuhusu ofisi yao ya mashauri ya bure.

Barua ya kuomba kuachiliwa na masharti inaandikwa kwa Waziri wa Haki na inapita kwa mukubwa wa gereza, juu maoni yake yanahitajika. Inasaidia kuonyesha mufungwa alifanya nini ndani, alijifunza kazi gani, na kule atakaa akitoka. Inasaidia pia kuonyesha kama kitu fulani kililipwa kwa jamaa yenye iliumia, hata kama kidogo. Jamaa yenye iliumia nayo haikatazwi kuandika: inaweza kupeleka barua kwa parke na kusema inapinga, ao inaomba tu ijulishwe.

Hesabu yenyewe ni hivi: mutu mwenye alikamatwa Machi 2019 na kuhukumiwa maisha 2021, miaka yake 5 iliisha Machi 2024, haikuanza siku ya hukumu. Kwenye grefe ya gereza kuna kitabu cha kuingiza wafungwa chenye tarehe ile imeandikwa. Muulize mwenye kukishika aisome mbele yenu.